Tuacheni tusikilize bafle kabla ya kulipa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nizungumze na wauza vyombo vya muziki wa hapa Lubumbashi, wa soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, na wa katikati ya mji. Mimi ni mama wa Katuba, nafundisha kwaya ya parokia, kwa hiyo masikio yangu ndiyo kazi yangu. Siku hizi nazunguka madukani kutafuta bafle, yaani spika, za saloni: mume wangu anataka rumba yake ya zamani, watoto wanataka filamu. Kila ninapoingia naonyeshwa karatoni. "Mama, hii ni wati elfu kumi!" Nikiomba kusikia, inawashwa ile ya maonyesho, taa zinacheza rangi zote, besi inatikisa vioo, na duka la jirani nalo limefungulia la kwake. Hapo nisikie nini?

Tuanze na hizo wati. Mwanangu anasomea umeme. Aligeuza mashine moja akanisomea kibandiko cha nyuma: inakula wati 60. Inayokula 60 itatoaje elfu kumi? Ile PMPO ya kwenye karatoni ni hesabu ya kupendezea biashara. Ulizeni RMS, nguvu ambayo ampli, mashine ya kukuza sauti, inaitoa mfululizo. Na hata wati za kweli ukiziongeza mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ili sikio likubali kwamba imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika karibu mara kumi. Basi mwenye wati 50 za haki asimwonee mtu wivu.

Wauzaji wana ujanja mmoja ambao wanunuzi wengi hawaujui. Ukisikiliza bafle mbili, ile inayolia kwa nguvu kidogo zaidi, hata kwa desibeli 1 au 2, utaiona ndiyo nzuri. Kijana akitaka uchukue ya bei kali, mkono wake unaenda kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Mwambieni azisawazishe kwanza, wimbo uwe uleule, sehemu ileile, abadilishe mara kadhaa. Akikasirika, nendeni duka la pili.

Mimi natembea na flash yangu. Ndani yake kuna gitaa la Mwenda Jean Bosco, mtu wetu wa Katanga, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Watu wanashangaa: muziki wa zamani hivyo wa kupimia bafle mpya? Ndiyo! Rekodi zile ni mono, yaani bafle zote mbili zinatoa sauti ileile. Ukikaa katikati ya bafle mbili, gitaa linapaswa kusimama mbele yako, kati kabisa, pasipo na kitu. Likivutwa upande mmoja au likitawanyika ukutani, ama bafle hazilingani ama zimewekwa vibaya. Kisha sikiliza kidole gumba kikipiga besi na vidole vingine vikiimba juu. Ni mtu mmoja, lakini kila mstari uufuate peke yake.

Halafu naweka rumba, kwa ajili ya besi. Uzi mnene wa gitaa la besi unashuka hadi karibu hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na visanduku vya plastiki havifiki huko. Vinatoa "bum" moja kwa noti zote, na wengi wanadhani hiyo ndiyo besi. Bafle nzuri inakuonyesha mpigaji anapopanda na anaposhuka. Mwisho naweka sauti za watu. Mwanaume akiongea asisikike kama yuko ndani ya pipa, na "s" za soprano zisichome. Hapo msiwe na haraka. Bafle kali-kali inapendeza kwa wimbo mmoja, ikifika wa tano unatafuta pa kuizima.

Kuhusu sinema ya nyumbani nitasema machache. Watoto wanataka 5.1, bafle tano na ya besi. Sawa, lakini maneno ya filamu mengi yanapita kwenye bafle ya katikati, na ndiyo ambayo seti za bei rahisi zinaionea: wanaweka kadogo, kisha mnalalamika kwamba waigizaji wanaguna. Kama fedha hazitoshi, nunueni mbili nzuri, nyingine zitafuata. Mimi nimeshaamua hivyo, watoto wakasirike.

Na saloni zetu! Ukuta wa saruji, vigae chini, pazia jepesi. Piga makofi uone chumba kinavyojibu. Bafle ikisukumwa pembeni kwenye kona, besi inavimba. Ivute mbele kidogo, twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa masikio ya aliyekaa, tandika zulia. Haya yanagharimu kidogo kuliko ampli mpya.

Ninachoomba kwa wenye maduka si kikubwa: viti viwili, chumba cha nyuma, ruhusa ya kuchomeka flash yetu, na asubuhi moja ya juma wakati wateja si wengi. Tutakuja na fedha. Ila mkubaliane na jirani, siku hiyo azime yake.

Mwalimu wa kwaya,
Katuba, Lubumbashi