Kabla Hujatuma Hiyo Ada: Barua kwa Mnaoingia Uandishi wa Habari Ukubwani

Wadogo zangu wa darasa la Jumamosi, Morogoro,

Marahaba kwa salamu zenu zote, zimenifikia. Nimeona niwajibu kwa barua ya wazi, ili na wenzenu wa rika hilo walioko Tanga, Mbeya na Kigoma waisome, maana jambo lenyewe linawahusu na wao.

Juzi mmoja wenu, muuguzi mstaafu, alinipa simu yake nisome ujumbe: "Hongera! Umechaguliwa kuwa mwandishi wa makala wa shirika la habari la kimataifa. Unafanyia kazi nyumbani, malipo 85,000 kwa siku. Lipia 45,000 ya kitambulisho na mafunzo leo kabla ya saa kumi jioni. Nafasi zimebaki 3." Alitaka kujua kama ni kweli, na moyo wake ulishaanza kuamini. Simlaumu. Mtu aliyesubiri miaka mingi kufanya kazi anayoipenda akiambiwa amechaguliwa, lazima moyo uruke.

Tukakaa tukausoma ule ujumbe kama ninavyowafundisha kusoma habari yoyote inayoletwa mezani. Nani anasema? Shirika la kimataifa, halina jina. Yuko wapi? Hakuna ofisi, hakuna hata mji. Amekuchagua vipi? Hukuomba kazi, hukutuma barua wala makala, hajawahi kusoma hata aya moja uliyoiandika. Kwa nini mwisho saa kumi? Ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Kisha nikamwomba aingize ile namba kama anayetaka kutuma pesa, aishie pale mtandao unapoonyesha jina la mpokeaji, asiweke namba ya siri. Likatokea jina la mtu binafsi. Shirika la kimataifa linapokea ada kwenye laini ya mtu! Hapo hapo akaghairi muamala.

Nataka mlishike hili: uhakiki mnaojifunza kwa ajili ya kazi uanze na tangazo la kazi lenyewe. Atakayeshindwa kuhakiki ujumbe uliotumwa kwake mwenyewe atahakiki vipi kauli ya mkuu wa wilaya?

Mnaniuliza kwa nini matapeli wanawafuata ninyi. Wanajua kalenda ya utumishi kama mnavyoijua: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, kisha mkupuo wa mafao unaingia benki. Wanajua pia kwamba mtu mzima akiibiwa huona aibu, hawaambii watoto, haendi polisi. Aibu hiyo ndiyo inayowaweka mjini. Wala msidhani ni suala la elimu. Mwaka 2009 wakati wa upatu wa DECI, watu wenye vyeo, walimu na waumini wazuri walikuwa kwenye foleni "wakipanda mbegu" wapate "kuvuna". Mapema 2025 ukaja mpango wa mtandaoni wa LBL, watu wakaweka fedha wakiahidiwa malipo kwa kutazama matangazo kwenye simu. Lugha hubadilika, lakini wewe ndiye unayetakiwa kutoa kwanza.

Utapeli huu wa kazi za kuandika una sura kadhaa. Kuna wa kuchapa kurasa au kutafsiri, ambapo unalipia "kufungua akaunti", na ukishalipa inazuka ada nyingine. Kuna wa Telegram: unapenda video kadhaa, unatumiwa elfu tatu kweli, unafurahi, kisha unaambiwa uweke laki moja upande daraja. Ile elfu tatu ni chambo. Kuna wanaojiita Umoja wa Mataifa, wakati Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Mwingine hataki hata shilingi, anataka picha ya kitambulisho chako cha NIDA na alama ya kidole "kwa ajili ya mkataba", kesho kuna laini imesajiliwa kwa jina lako na inatapeli wengine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanyeni leo, msisubiri.

Na wapo wanaokuomba makala tano za majaribio, ndefu, bure, halafu wanapotea nazo. Huo nao ni wizi. Mhariri wa kweli husoma ulichokwisha kuandika, au hukupa kazi moja fupi.

Sasa kitambulisho. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeweka Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za 2017 zinataka angalau stashahada ya uandishi wa habari au fani inayoendana nayo. Ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi, inatoka kwenye Bodi hiyo, haitoki kwa mtu wa WhatsApp. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaendi kwenye laini ya fulani bin fulani. Na kwa kuwa itabidi msome, angalieni pia chuo: cha stashahada kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, chuo kikuu kiwe kinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mwenye familia asiyeweza kuhama asisahau Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa namba yenu.

Niwaambie ukweli kuhusu fedha, maana tapeli anaishi kwenye pengo la mtu asiyejua bei. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo hayo ni madogo na huchelewa. Hakuna chumba cha habari nchini kitakachokupa 85,000 kila siku bila kukujua. Atakayekuahidi hivyo, jiulize fedha hizo anazipata wapi. Ingieni mkijua pensheni ndiyo inayolipa umeme, na uandishi utaanza kwa kulipa nauli. Mimi naona inatosha kuanzia, mradi usiwe umekopa.

Mnachokuja nacho ninyi, kijana wa miaka 22 hana. Nimehariri habari za mikoani muda mrefu, na nilichokosa mara nyingi ni mwandishi anayejua anachokiandika. Wa kuandika tu walikuwepo. Muuguzi akiambiwa na mganga mkuu kwamba dawa zipo, anajua aombe kuona daftari gani. Mhasibu anaweza kukaa na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inayotua bungeni kila Aprili, akasoma majedwali ambayo wenzake wanaruka, akatoka na habari ya halmashauri yake mwenyewe. Mwalimu aliyekuwa shuleni elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 anaikumbuka ruzuku ya kwanza ilivyoingia na michango ilivyorudi kwa majina mengine. Bwana shamba anajua mbolea ya ruzuku inakwama wapi. Hiyo ndiyo fani yako. Nenda nayo kwenye redio jamii iliyo karibu nawe, nenda klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, useme: najua afya, nipeni habari za afya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na ninyi mna faida ya kujua cha kuuliza.

Hapo pia ndipo penye kipimo chepesi. Chumba cha habari cha kweli kitakuuliza unajua nini na umeandika nini. Tapeli atakuuliza unatumia mtandao gani wa pesa. Ukitajiwa gazeti au redio unayoijua, usipige namba iliyo kwenye ujumbe. Chukua namba iliyochapwa kwenye gazeti au iliyo kwenye tovuti yao, umwulize mhariri. Ikitajwa kampuni usiyoijua, itafute BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kusajiliwa hakumaanishi uaminifu, ila kutosajiliwa kunatosha kukurudisha nyumbani.

Na ikiwa umeshatuma? Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo hiyo waombe kuzuia muamala. Usifute ujumbe. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma. Nenda kituo cha polisi ufungue RB, yaani namba ya taarifa yako; Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Halafu njoo utuambie. Nawaomba sana hili la mwisho, maana hakuna atakayekucheka mbele yangu.

Jumamosi hii kila mmoja aje na tangazo moja la kazi ya uandishi alilolipata mtandaoni au lililotumwa kwake, zuri au baya. Alihakiki kabla ya kuja: nani, wapi, namba ya nani, nani amethibitisha. Aliandikie maneno 300, na kila dai liwe na alikolitoa. Tutaanza saa tatu kamili.

Wenu kaka mkubwa,
mhariri mstaafu