Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mashindano ya Ramani na Dira

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi wa skauti wa ngazi zote,
Wazazi na walezi,
Washindani mliotoka karibu na mbali,
Nanyi watoto ambao viatu vyenu vimeachwa nje kwa sababu ya matope,

Kwa niaba ya kamati ya maandalizi tunakukaribisha kwa furaha, na tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Shukrani zetu zina sababu ya ziada. Mgeni rasmi wa kawaida hufika siku ya mwisho, akagawa medali, akapiga picha, akaondoka. Wewe ulifika jana asubuhi, ukaomba ramani na dira kama mtu mwingine yeyote, ukaingia msituni peke yako. Sasa tunaweza kukuambia kwamba tulimweka kijana mmoja akufuate kwa mbali. Hakuwa na kazi.

Mheshimiwa, wengi waliokaa hapa wamekuja kusindikiza watoto na huenda bado wanajiuliza watu wanakimbizana na nini vichakani. Mchezo huu, ambao wenyewe tunauita orientiringi, ni mwepesi kuueleza. Unapewa ramani. Pembetatu ni mahali pa kuanzia, kila mviringo ni kituo, na miviringo miwili, mmoja ndani ya mwenzake, ni mwisho. Kwenye kila kituo kuna bendera nyeupe na chungwa, ya upana wa sentimita 30 kila upande, yenye namba yake. Namba hizo huanzia 31, si 1, ili mtu asichanganye namba ya bendera na zamu ya kituo kwenye njia yake. Hakuna anayekuambia upite wapi. Washindani huondoka mmoja mmoja kwa kupishana dakika, kusudi mtu asipate mgongo wa kufuata. Anayevifikia vituo vyote kwa mpangilio na kwa muda mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Anayeruka hata kimoja, matokeo yake hayahesabiki, awe amekimbia kama swala.

Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 1886 katika chuo cha kijeshi cha Karlberg nchini Uswidi, likiwa na maana ya kuvuka nchi usiyoijua kwa ramani na dira. Shindano la kwanza la raia lilifanyika Norwei tarehe 31 Oktoba 1897: washindani 8, kilomita 19.5, vituo 3 tu. Skauti, hapa naomba mkae wima. Mtu anayeitwa baba wa mchezo huu, Ernst Killander, alikuwa meja wa jeshi la Uswidi na pia kiongozi wa skauti. Aliona vijana wanaanza kuichoka riadha ya uwanjani, akawapeleka porini. Shindano aliloliandaa kusini mwa Stockholm mwaka 1919 lilivuta zaidi ya washindani 200. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba mmealikwa kwenye mchezo wa wengine. Shirikisho la kimataifa lilikuja baadaye, mwaka 1961, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Ufini mwaka 1966. Mengine ya historia nayaacha, maana naona mawingu.

Wikendi hii ilikuwa na mambo matatu. Jana asubuhi tulikuwa na mafunzo, njia ya kamba (mtoto hufuata kamba iliyotandazwa hadi kwenye vituo) kwa watoto ambao hawajajua kusoma, na njia ya familia. Jana alasiri vikosi vya skauti vilipimana kwenye mbio fupi. Leo ilikuwa zamu ya washindani kwenye mbio ndefu, kuanzia vijana hadi wakongwe. Matokeo yamebandikwa ubaoni, sitayasoma yote. Nitasema moja tu: bibi mmoja amemaliza mbele ya mjukuu wake kwenye njia ileile. Mjukuu ana miguu, bibi anajua kusoma kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha miinuko na mabonde.

Niruhusu, mheshimiwa, nisimulie nilichokiona jana karibu na kituo namba 34. Nilikuwa nimekaa kando ya njia panda, kazi yangu ikiwa kuhakikisha hakuna anayecheza na bendera. Wakaja baba na binti yake, wa miaka tisa hivi. Baba ameshika ramani kama gazeti, maandishi yakimtazama vizuri, na kwa uhakika kamili ananyoosha mkono kushoto. Mtoto hakubishana. Aliiomba ile ramani, akaishika sawa na kitovu chake, dira juu yake, akaanza kujizungusha polepole, hatua ndogo ndogo za papo hapo, mpaka mistari ya kaskazini kwenye karatasi ikalala sambamba na sindano. Akasema, "Baba, maji yako kulia kwetu. Na hapa kwenye ramani yako kulia. Tunashuka." Baba akatazama ramani, akatazama kijito, akamtazama binti. Wakashuka. Bendera ilikuwa hatua kama thelathini mbele, nyuma ya jiwe.

Hilo la kuigeuza ramani ilingane na nchi ndilo tunalolifundisha saa nzima ya kwanza, na watu wazima ndio wanaochelewa kulikubali, kwa sababu tumezoea kusoma herufi zikiwa wima. Likishaingia, mengine hufuata: kuweka kidole gumba mahali ulipo na kukisogeza kadiri unavyosogea, kuhesabu hatua zako kwa kila mita 100, kutafuta kitu kikubwa kisichopotea kirahisi karibu na kituo kabla ya kukitafuta kituo chenyewe. Kuna ujanja mmoja ambao skauti waliupenda sana. Kituo kikiwa kando ya mto, usikilenge moja kwa moja. Ukilenga moja kwa moja ukafika mtoni usione bendera, hujui uende kushoto au kulia. Lenga kulia kwake kwa makusudi. Ukifika kwenye maji, unajua bendera iko kushoto. Kijana mmoja alipoelezwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hesabu darasani hazifundishwi namna hii. Sikuwa na jibu, mheshimiwa. Labda wewe unalo.

Na rangi nazo huwapa wageni taabu. Nyeupe kwenye ramani yetu si uwanda, ni msitu unaokimbilika. Uwanda ni njano. Kijani kikikolea, ujue utapita kwa kutambaa. Jana familia moja iliona kijani kibichi ikadhani ni bustani. Walitoka wakiwa na miba hadi kwenye kofia, lakini walitoka wakicheka.

Sasa nije kwenye matatizo, na nianze na la kwetu wenyewe. Mwaka jana bendera moja iliwekwa pasipo pake. Pale pana mabonde mawili madogo yanayofanana kama mapacha. Aliyeiweka ni mimi ninayesoma risala hii, kabla ya mapambazuko, taa ya kichwani ikiwa inaishiwa. Washindani waliosoma ramani vizuri walifika bonde sahihi, wakakuta nyasi. Waliopotea ndio walioikuta bendera. Ilibidi matokeo ya njia ile yote yafutwe, na watu walikuwa wamesafiri mbali. Wapo hapa leo, wamerudi, na nawashukuru mbele yako. Mwaka huu kila kituo kimekaguliwa mchana na mtu wa pili, ambaye alipewa ramani tu bila kuonyeshwa mahali.

Lakini kosa lile lina ndugu yake, naye bado tunaye. Ramani yetu imezeeka. Ni ya skeli ya 1:10,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 100 za ardhi, na kwa skeli hiyo jiwe kubwa, shimo, ua na kijia vyote vinatakiwa vionekane. Tangu ichorwe, miti imekatwa upande mmoja na kuota upande mwingine, uzio umejengwa, na vijia viwili vimekufa. Leo mshindani aliyekuwa anaongoza alichagua kupita kijia kilichochorwa wazi kabisa, akaingia kwenye kichaka kilichomshika dakika sita. Alikuja kwangu akiwa na ramani mkononi, akaninyooshea kidole kile kijia, hakusema neno. Hata kaskazini yenyewe haitulii: ncha ya sumaku huhama kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na mistari tuliyoichora zamani haikubaliani tena kikamilifu na sindano. Mtu akipotea kwa kosa lake, ndio mchezo. Akipotea kwa kosa la karatasi tuliyompa sisi, hapo tumemdhulumu.

Kuchora upya si kazi ya kukaa mezani. Mchoraji hupita kila kipande cha ardhi kwa miguu, akishika jiwe kwa jiwe. Kazi hupungua sana akiwa na vipimo vya leza vinavyopigwa kutoka angani, kwa sababu humwonyesha umbo la ardhi hata chini ya miti. Ombi letu la kwanza ni utusemee kwa wenye vipimo hivyo ili tuvipate. Wachoraji tunao, na wamejitolea muda wao.

Ombi la pili ni ruhusa. Kila mwaka tunaanza upya kubisha hodi kwa wenye ardhi, na kila mwaka kuna mmoja anayeghairi wiki ya mwisho. Hatuwalaumu. Mtu ana haki ya kuogopa umati wa watu wanaokimbia kwenye ardhi yake. Sehemu walizokataza, pamoja na mahali ndege wanapotaga, tumezichora kwa mistari ya zambarau, na anayezikanyaga anaondolewa mashindanoni. Tungependa makubaliano ya maandishi ya miaka kadhaa, na sauti yako mezani itasaidia kuliko barua zetu.

La tatu ni dira. Kwenye mafunzo ya jana watoto wawili wawili walishika dira moja, na tunajua kinachotokea: mmoja anajifunza, mwenzake anafuata. Hatuhitaji za kifahari. Dira ya bamba la plastiki inayolala juu ya ramani inatosha. Vikombe hatuombi. Vikombe tunavyo, na vingine bado havijapata kabati.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa washindani. Jana jioni mmoja wenu alichoka katikati ya njia, akakata kona hadi kwenye gari lake, akaenda zake bila kupita mwisho. Vijana wetu wanne walimtafuta msituni saa mbili nzima wakipuliza filimbi. Alipopatikana kwa simu, alikuwa ametoka kuoga. Nasema tena, na sitachoka: aliyeingia msituni lazima apite mwisho, hata kama hakuona bendera hata moja. Hatuna njia nyingine ya kujua kwamba msitu umebaki mtupu.

Tunawashukuru watoa huduma ya kwanza, ambao kazi yao wikendi hii imekuwa vifundo vya miguu viwili na miba isiyohesabika. Tunawashukuru wazazi waliosimamia njia ya kamba, na vikosi vitakavyobaki jioni hii kukusanya bendera kabla ya giza.

Mheshimiwa, sasa tunakuomba utoe medali na kuyafunga rasmi mashindano haya. Lakini kuna jambo moja tunalazimika kuliweka wazi, kwa heshima na taadhima. Kadi yako ya jana tumeikagua kama tulivyozikagua za wengine. Umevifikia vituo vinane kati ya tisa. Cha sita hukukigusa. Jina lako liko ubaoni, chini kabisa, pamoja na majina ya wenzako waliopatwa na hilohilo, na kamati ilipiga kura kuhusu jambo hili bila mtu kupinga.

Bendera ya kituo hicho tumewaambia vijana waiache mpaka mwisho, endapo utapenda kurudi.

Tunaomba kuwasilisha.