Shangazi, kabla hatujanunua vitabu

Shikamoo Shangazi,

Kwenye kikao cha ukoo nilinyamaza. Mlipokubaliana kwamba mchango wote wa mwaka huu ununue vitabu vya kidato cha kwanza kwa shule yetu ya kata, watu walipiga makofi, nami ninayefundisha hapohapo nikapiga nao. Tangu siku ile sina raha. Nakuandikia hadharani kwa sababu koo nyingi zinachanga kama sisi, na zote zingepaswa kujiuliza: vitabu hivyo vitamsaidia mtoto yupi?

Kuna waliolichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 1996 watafiti, wakiwemo Paul Glewwe na Michael Kremer, walianza kufuatilia shule 100 za msingi huko Busia, Kenya. Shule 25 zilipata vitabu kwanza, nyingine zikasubiri. Zile zilizosubiri ndizo zilizokuwa kipimo chao. Bila hizo, alama zikipanda utasifu vitabu, kumbe mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri na watoto walikuja darasani wameshiba.

Wastani wa alama haukupanda. Waliosogea mbele ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa kule, na wengi hawakuweza kuvisoma.

Shangazi, hiyo ndiyo hali ya darasa langu. Wiki iliyopita nilimpa binti mmoja kitabu cha biolojia asome aya moja. Akaisoma yote, tena kwa sauti nzuri. Nilipomwomba anieleze alichosoma, akainamisha kichwa. Nikafunga kitabu, nikamuuliza kwa Kiswahili mbegu ya haragwe inahitaji nini ili iote. Alinieleza maji, hewa na joto, na akaongeza kwamba bibi yake huziloweka usiku kucha kabla ya kupanda. Anaijua biolojia. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu ghafla tukambadilishia lugha. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Haikufanyika, na kila mwaka napokea darasa jipya la watoto wanaonakili ubaoni wasichokielewa.

Hapa kwetu Tanzania pia yapo majaribio. Mwaka 2013 na 2014, shirika lisilo la kiserikali la Twaweza na watafiti walifanya kazi na shule 350 za msingi katika wilaya 10. Baadhi zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kwingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Kwingine vikatolewa vyote viwili, na shule nyingine hazikupewa chochote. Fedha peke yake haikuwaongezea watoto ujuzi. Fedha pamoja na bonasi iliwaongezea. Kama mwalimu, kuliandika hili linaniuma, lakini ni kweli. Sidai ukoo unilipe bonasi. Ninachokiona ni kwamba vifaa huzaa matunda pale ambapo kuna mtu anayefuatilia kila mtoto amejua nini, hata yule wa mwisho.

Tukinunua vitabu kama tulivyopanga, watakaofaidi ni wachache, wengi wao wakiwa waliotoka shule za kulipia. Wajukuu zako wawili wamo. Binti wa maharage hayumo, ingawa bibi yake naye alichanga.

Naomba tutenge sehemu ya fedha kwa masomo ya jioni ya miezi miwili: Kiingereza kifundishwe kama lugha, taratibu, na mwalimu awe huru kufafanua kwa Kiswahili. Vitabu vifuate, vichache kwanza. Tuwapime watoto kabla na baada, tuone nani amesogea.

Wewe ulifundisha kisomo cha watu wazima miaka ya 1970. Uliniambia hukuwahi kumhesabu mtu kuwa anajua kusoma mpaka akusomee barua yake mwenyewe na kukueleza imesema nini. Kipimo hichohicho ndicho ninachokitaka.

Jumamosi nitakuwa shuleni kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na mweka hazina. Nitaleta orodha ya wanafunzi wote, tuchague kumi kwa kura, tusichague wale wanaokaa mbele. Wewe ndiye utakayewasikiliza.

Mtoto wa kaka yako