Seli inayowahi kabla ya wenzake

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza kwa nini mafua makali humwangusha mtu mwili mzima ilhali virusi vyenyewe vimekaa kooni na mapafuni. Sehemu kubwa ya jibu ni interferoni, protini ambayo seli hutoa kuwaonya wenzake kwamba kuna virusi. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakitibiwa kwa sindano za interferoni walipata homa, baridi na maumivu ya misuli vilevile, na mafua hawana!

Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Lakini seli inayoitoa kwa wingi kuliko zote ilikuja kutambuliwa kwa hakika 1999. Inaitwa seli dendritiki plasmasitoidi, nami naipenda kuliko seli zote za kinga. Ni adimu mno. Katika damu haifiki hata moja kwa kila seli mia za kinga.

Ajabu yake ni kwamba haingoji kuambukizwa. Hukimeza kirusi, na ndani ya vifuko vyake mna vipokezi viwili: TLR7 hutambua RNA ya kirusi, TLR9 hutambua DNA, yaani molekuli zinazobeba maelekezo ya urithi. Seli nyingine nyingi huanza kwanza kuiunda protini ya IRF7, inayowasha jeni za interferoni, ndipo zitoe interferoni kwa wingi. Hii ina akiba yake tayari, ndiyo maana katika saa chache inaweza kutoa hadi mara 1,000 ya seli ya kawaida.

Interferoni haiui kirusi. Huzishtua seli jirani, nazo zikivamiwa hukatakata RNA na kusimamisha utengenezaji wa protini, kirusi kikakosa pa kuzaliana. Inapozimwa, hatari ni kubwa: mwaka 2020 ilibainika kwamba angalau asilimia 10 ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 waliochunguzwa walikuwa na kingamwili zinazoishambulia interferoni yao wenyewe.

Ila ikizidi nayo ni balaa. Katika lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, seli hizi dendritiki plasmasitoidi huchokozwa na DNA ya mwili wenyewe, zikamwaga interferoni bila virusi vyovyote. Tangu 2021 ipo dawa ya lupasi, anifrolumabu, inayoziba kipokezi cha interferoni. Inawasaidia wengi, na hilo linanifurahisha sana, lakini wanaoitumia hupata mkanda wa jeshi mara nyingi zaidi, kwa kuwa kirusi chake, kilichokuwa kimejificha kwenye neva miaka yote hiyo, hupata mwanya interferoni inapozibwa.

Niandikie ukipata nafasi.

Wako daima.