Tenda za nyumba za mawe zitenganishe sharti na ushauri

Mhariri,

Tenda ya kukarabati nyumba ya mawe inapotoka hapa Lamu, sisi mafundi hutafuta kwanza imesemaje kuhusu chokaa. Karatasi moja niliyopewa majuzi inasema "chokaa itumike". Kurasa mbili mbele, "inashauriwa kutumia chokaa". Kwenye jedwali la bei, "chokaa au kitu kingine kinachofaa". Kinachofaa kwa nani? Atakayeamua ni mwenye bei ya chini, naye anakuja na saruji.

Kuta zetu ni za matumbawe. Zinanyonya unyevu na chumvi, na plasta ya chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huuzuia ndani. Chumvi ikakauka ikawa fuwele nyuma ya plasta, na siku plasta inapobambuka huondoka na uso wa jiwe. Mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 hauwezi kuliacha hilo kwa hiari ya mkandarasi. Hilo ni sharti.

Boriti ni habari nyingine. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu, na zinafaa zirudi zilipokuwa. Lakini mikoko haikatwi bila kibali, na kuna wakati huzipati kwa urefu unaotakiwa. Hapo ushauri unatosha, mradi uandikwe pamoja na sababu yake.

Wanaoandika viwango vya intaneti walishakutana na tatizo hili. Mwaka 1997 walitoa waraka nambari 2119, ulioandikwa na Scott Bradner, unaoeleza uzito wa kila neno. La lazima halina mjadala. La ushauri waweza kuliacha ukiwa na sababu ya kweli, baada ya kupima madhara yake. La hiari ni juu yako. Mwaka 2017 wakaongeza kuwa maneno hayo yana uzito huo pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Waraka ule ule unaonya pia maneno ya lazima yasitapanywe ovyo, na hapa ndipo wahandisi wetu wanapoteleza: nimeona tenda iliyolazimisha rangi ya ndoo za kubebea mchanga.

Naomba tenda zijazo ziwe na ukurasa wa mbele unaoeleza maneno hayo, na mkaguzi aje kazini nao mkononi.

Fundi mjenzi,
Langoni, Lamu