Mjomba, kuna mtu nyuma ya Jim Reeves

Mjomba,

Jumapili ulinifukuza sebuleni eti napiga domo wakati Jim Reeves, mwimbaji wako wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani, anaimba. Nilitoka, ila nina neno, na kwenye simu hunipi nafasi, basi nakuandikia mbele za watu.

Ule wimbo wako wa mtu anayeongea na mpenzi kwenye simu, "He'll Have to Go" wa 1959, usikilize tena. Jim anaimba kama yuko sikioni mwako. Fidla ya kantri haipo. Nyuma waitikiaji wanapita polepole, kama watu wasiotaka kuamsha mtoto. Aliyepanga iwe hivyo ni Chet Atkins, bosi wa kampuni ya santuri ya RCA pale Nashville, mji wa kantri, tangu 1957. Rock and roll ilikuwa imewanyang'anya watu wa kantri wateja, naye akailainisha kantri hadi watu wa mjini wakainunua. Husimuliwa kwamba alipoulizwa "sauti ya Nashville", jina la mtindo huo laini, ni ipi, alitia mkono mfukoni akachezesha sarafu.

Wapo wanaomlaumu hadi leo kwa kuilainisha kantri, na hata yeye baadaye alilalamika kwamba kantri inapoteza asili yake. Mimi namsamehe kwa sababu ya vidole vyake kwenye gitaa.

Alizaliwa 1924 huko Luttrell, Tennessee, mtoto wa pumu. Usiku alilala ameketi kitini ili apumue, akipiga gitaa mpaka usingizi umchukue. Redioni akamsikia mpiga gitaa Merle Travis, besi na wimbo vikitoka kwenye gitaa moja. Travis alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu. Chet angejuaje? Redio haionyeshi mkono. Akaongeza na vidole vingine, dole gumba likitembeza besi huku vyenzake vikiimba. Kosa la sikio hilo, Mjomba, na wapigaji wangapi wameliiga!

Mwimbaji Dolly Parton aliingia RCA enzi za Chet. Charley Pride pia, mwana wa wachuma pamba wa Mississippi, Mweusi. Santuri zake za kwanza zilipelekwa redioni bila picha. Unajua kwa nini.

Desemba nakuja na rekodi za Chet ambazo hafungui mdomo hata mara moja, gitaa tupu. Wewe nunua betri mpya tu. Zile ulizoanika juani mara ya mwisho zilimfanya Jim aimbe kama mlevi.

Mpwa wako