Likipasuka, nitakupata wapi?

Kihonda, Morogoro

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na watoto. Sisi huku hatujambo, na mguu wa Mama Zawadi umepona. Karatasi ya maneno utakayoyasema Jumamosi mbele ya kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ukiwauzia majiko banifu yanayotumia mkaa kidogo, niliipokea juzi na nimeisoma mara tatu. Nakuandikia haraka kwa sababu ipo sehemu moja inayonitia wasiwasi.

Ni pale unapotaka kuwaambia kwamba majiko yamebaki matano na kesho bei inapanda. Nguvu ya maneno hayo naielewa. Kijana anayeuza dawa ya meno ndani ya basi hufanikiwa nayo, kwa kuwa gari likishaondoka stendi hamtaonana tena. Wanakikoba hukutana kila wiki, na wiki ijayo watakuona una majiko mengine kumi kwa bei ile ile. Mwaka jana niliyatumia maneno hayo hapa Kihonda, kwenye baraza ya nyumba moja. Bibi mmoja alilipindua jiko, akaugonga udongo wa ndani kwa kucha, akaniuliza, "Likipasuka, nitakupata wapi?" Nilimjibu kwa kurudia ofa. Akauliza tena vile vile, kisha akalisogeza jiko kwangu taratibu, na wenzake wakanyanyuka mmoja mmoja. Sikuuza hata moja.

Nilirudi baada ya wiki mbili nikiwa na namba ya simu ya fundi na jiko lililopasuka, ambalo fundi alilibadilisha udongo mbele yao. Tukainjika maharage kwenye jiko banifu na kwenye jiko la bati la yule bibi, kila moja likiwa na kopo moja la mkaa. La kwake lilizima maharage yakiwa bado magumu. Nilimwuliza hununua mkaa wa shilingi ngapi kwa siku, akasema 2,000, akaanza kupiga hesabu ya mwezi kwa sauti, na wenzake wakaiamini hesabu yake kuliko ambavyo wangeiamini yangu. Ndiyo maana nakusihi uifute ile sentensi ya "wanawake wote wa mjini wanatumia". Hao wa mjini hakuna atakayewauliza, lakini jirani wa nyumba ya tatu anayelitumia ataulizwa jioni hiyo hiyo, tena jikoni kwake.

Kwenye mafunzo tulisimuliwa jaribio la wanasaikolojia Freedman na Fraser lililochapishwa mwaka 1966 huko Marekani. Wenye nyumba wa California waliombwa wakubali bango kubwa, baya, la kuhimiza uendeshaji salama lisimikwe mbele ya nyumba zao, wakakubali asilimia 17 tu. Wengine waliombwa kwanza waweke kibandiko kidogo chenye ujumbe huo huo, na wiki mbili baadaye, walipoombwa bango, asilimia 76 wakakubali. Tangu nisikie hayo, siku ya kwanza simwombi mtu anunue. Namwomba achemshe chai kwenye jiko langu. Hata hivyo naitumia njia hii kwa uangalifu, kwa sababu mtu aliyezoea kukuitikia huweza kuitikia hata deni asiloweza kulilipa. Sabuni unazotaka kuwagawia nazo ni hivyo hivyo: mama mmoja alinunua jiko kwangu kwa mkopo kwa kuona haya tu baada ya kupokea zawadi, na marejesho ya pili hayakufika hadi leo.

Narudi kwenye swali la yule bibi, maana wewe utaulizwa Jumamosi. Je, huko Dodoma umeshampata fundi wa udongo, na amekubali namba yake itolewe? Mwenyekiti wa kikoba ni yule yule aliyekuja kwenye harusi ya Mwajuma? Umewahi kupika maharage kwenye jiko hilo mwanzo hadi mwisho wewe mwenyewe? Jumamosi ni siku ya kuweka hisa au ya kutoa mikopo? Na jiko lililopasuka unalo? Kama huna, nijibu kabla ya Alhamisi, nimkabidhi dereva wa basi la asubuhi hili langu.

Wako akupendaye,
Mama Neema